Maoni Yaonekane ni Maoni: mwongozo wa lebo kwa vyumba vidogo vya habari, kutoka Nakuru hadi Busia

Mtu wa Kondele, Kisumu, hafungui ukurasa wa mbele wa tovuti yako. Kiungo kinamfikia kwenye kundi la mtaa, la chama au la kanisa. Anaona picha, kichwa na mistari miwili, na papo hapo anaamua ni kitu gani alichokiona. Kichwa kikisema "Kaunti imewasahau wachuuzi" na pasiwe na dalili kwamba hayo ni mawazo ya mwandishi mmoja, anayekubaliana nayo atasema gazeti limethibitisha. Asiyekubaliana atauliza, "Mmelipwa na nani?" Wote wawili wamekusoma visivyo, na kosa si lao.

Mwongozo huu wa lebo, yaani maneno mafupi yanayomwambia msomaji kama anachosoma ni habari au maoni, ni wa vyumba vya habari vya watu watatu hadi wanane: tovuti ya WordPress, ukurasa wa Facebook, chaneli ya WhatsApp, pengine na kipindi cha redio. Kuweka mfumo ni kazi ya siku mbili. Kinachochukua muda ni kuuzoea.

LEBO INAFANYA NINI, NA HAIFANYI NINI

Tuondoe kwanza matumaini ya bure. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin waliojaribu lebo za aina hii waligundua kwamba lebo peke yake, ikiwekwa juu ya makala, haikuongeza imani ya msomaji, na wengi hawakukumbuka kama waliiona. Maelezo yaliyowekwa ndani ya makala yenyewe yalikumbukwa zaidi. Mwaka 2018 kituo cha utafiti cha Pew kiliwapa Wamarekani 5,035 sentensi tano za ukweli na tano za maoni wazitenganishe. Waliopata zote tano za ukweli walikuwa asilimia 26, na waliopata zote tano za maoni walikuwa asilimia 35. Hao ni Wamarekani na sentensi za Kiingereza, kwa hiyo asilimia hizo zisibebwe hadi Kakamega kama zilivyo. Lakini zinatosha kumnyamazisha mhariri anayesema "wasomaji wetu wanajua tu."

Basi faida iko wapi? Lebo haikuletei imani ambayo hukuwa nayo. Inazuia ile uliyo nayo isivuje. Ripota wako anayehudhuria vikao vya bunge la kaunti ataendelea kupokewa simu iwapo karani anaweza kutofautisha alichoripoti ripota na alichoandika mwandishi wa safu. Msomaji aliyeudhika akijua amekasirishwa na mtu mmoja mwenye jina, hasira yake inaishia kwa mtu huyo. Asipojua, inamwagikia kila habari uliyowahi kuchapisha, hata ile ya bei ya mahindi.

Kwa upande wa maadili hakuna cha kujadili sana. Kanuni za wanahabari nchini Kenya zinataka ukweli, dhana na maoni vitenganishwe. Swali ni namna ya kuvitenganisha kwenye skrini ya inchi sita.

HATUA YA 1: CHAGUENI MAJINA MACHACHE YANAYOELEWEKA

Ketini pamoja, mhariri, maripota na anayeendesha mitandao, mkubaliane lebo zisizozidi tano. Habari ya kawaida isipewe lebo. Kila kitu kikipachikwa lebo jicho linazoea, na hiyo inayohitaji kuonekana inapotea katikati ya nyingine.

Hapa Kiswahili kina mtego wake. Neno MAONI, ambalo wengi hulikimbilia, kwenye tovuti hiyo hiyo limeshatumika kwa kazi nyingine: "Acha maoni", "Maoni 12". Msomaji akiona MAONI juu ya makala huenda akadhani ni kitufe cha kwenda kusoma waliyoandika wasomaji wenzake. Dawa ni kulimalizia neno lenyewe: MAONI YA MWANDISHI kwa mtu wa ndani, MAONI YA MGENI kwa mtu wa nje. Neno moja zaidi, na utata umeisha.

TAHARIRI nayo ni neno tukufu, na Taifa Leo hulitumia hadi leo mwanzoni mwa kichwa cha makala. Kwa msomaji wa gazeti hilo linaeleweka bila shida. Kwa kijana ambaye hajawahi kununua gazeti la karatasi, linasikika kama tahadhari, au kama kitu "kilichohaririwa". Ukitaka aelewe, andika MSIMAMO WETU. Hata wakubwa wamelazimika kubadili majina ya namna hii: New York Times, waliokuwa na ukurasa wa maoni ya wageni tangu Septemba 1970, waliacha jina lake la zamani, Op-Ed, Aprili 2021 na kuziita makala zake insha za wageni, kwa sababu jina la kwanza lilitokana na ukurasa huo kutazamana na ukurasa wa tahariri kwenye karatasi. Mtandaoni hakuna ukurasa unaotazamana na mwingine.

MAKALA lisitumike kabisa kama lebo. Kila kitu ni makala.

UCHAMBUZI ndilo jina linalotumiwa vibaya kuliko yote, kwa sababu lina heshima. Mwandishi anayetaka kumshambulia mtu bila kuitwa mwenye maoni hukimbilia humo. Wekeni kipimo hiki: katika uchambuzi, kila hitimisho linaning'inia kwenye ushahidi ambao msomaji anauona palepale, na mwandishi haambii mtu afanye nini. Tafuta maneno "lazima", "inafaa", "yapaswa", "aibu". Likiwemo hata moja kwa sauti ya mwandishi mwenyewe, hayo ni maoni, yahamie upande wa pili. Kipimo cha ziada: mhariri asiyempenda mwanasiasa anayetajwa, na mhariri anayempenda, wote wawili waweze kuidhinisha makala bila kubadili sentensi.

Ya tano ni TANGAZO LA KULIPIWA. Si "Imedhaminiwa", si "Kwa ushirikiano na". Mtu akilipa, liitwe tangazo. Msomaji wa Nakuru akigundua baadaye kwamba "ushirikiano" ulikuwa hundi, hata maoni yenu ya kweli yatahesabiwa yamenunuliwa.

Mkiandika pia kwa Dholuo, Kiluhya au Gikuyu, lebo iwe katika lugha ya makala. Lebo ya Kiswahili juu ya makala ya Dholuo inasomwa kama pambo.

HATUA YA 2: CHUJA MAANDISHI, SENTENSI KWA SENTENSI

Lebo sahihi juu ya maandishi yaliyochanganyika haisaidii. Kabla ya kuamua lebo, chapisha makala au ifungue kwenye kompyuta, upake rangi kila neno ambalo halithibitishiki kwa hati, kwa macho au kwa mtu aliyetajwa. Chukua mfano huu wa kubuni:

"Kaunti imetumia shilingi milioni 14 kujenga vyoo vya soko. Kimradi hicho, ambacho ni wazi kiliharakishwa kwa ajili ya kura, kimewaacha wachuuzi vinywa wazi. 'Sisi tulitaka paa,' alidai muuza omena mmoja."

Milioni 14 ni ukweli, ila haina chanzo. "Kimradi" ni maoni: kiambishi ki- kimeudunisha mradi kabla msomaji hajaambiwa chochote. "Ni wazi" ni ishara ya hatari, maana kilicho wazi hakihitaji kuambiwa ni wazi. Mara nyingi maneno hayo hukaa mahali ambapo ushahidi ungekaa. "Kwa ajili ya kura" ni nia, na nia ya mtu haionekani kwa macho. "Vinywa wazi" ni wachuuzi wangapi? Na "alidai" inamtilia shaka mama wa watu, ambaye amesema tu alichokitaka.

Ikibaki habari: "Kaunti imetumia shilingi milioni 14 kujenga vyoo vya soko, kulingana na hati ya zabuni. Ujenzi ulianza Machi na kukamilika Mei. 'Sisi tulitaka paa,' alisema muuza omena mmoja."

Ikiwa maoni: "Naamini vyoo hivi viliharakishwa kwa ajili ya kura, na nina sababu mbili. Zabuni ilitolewa wiki tatu baada ya mkutano wa kampeni uliofanyika sokoni humo, na ombi la paa lililoandikwa miaka miwili iliyopita halijajibiwa." Hapo mwandishi amejitokeza kwa nafsi ya kwanza, na ukweli anaouegemea unaweza kupimwa na yeyote.

Kiswahili kinaficha maoni katika sehemu ambazo miongozo ya kigeni haizitaji, kwa hiyo zikariri. Ngeli ni mojawapo: kijikamati, vijimikutano, jitu, lijumba. Vitenzi vya kunukuu ni ya pili. "Alisema" haina upande. "Alidai" inaonyesha humwamini, "alikiri" inamtia hatiani, "alifichua" inamwidhinisha, "alifoka" inamhukumu. Neno dogo "eti" linabeba kejeli nzima. "Inadaiwa" inakubalika iwapo tu sentensi hiyo hiyo inataja nani anadai. Bila mdai ni uvumi uliovaa suti. Kauli ya kutendwa nayo huficha mhusika: "imeonekana kuwa", na nani?

Kanuni ya kufanyia kazi: baada ya kuchuja, habari ikibaki na sentensi yenye rangi hata moja, iondoe au mpe mtu aliyetajwa aiseme. Usipachike lebo ya maoni juu ya habari mbovu ili kuiokoa. Wasomaji wanaujua ujanja huo, na lebo inayotumika kama jalala haitaheshimiwa siku ikiwa na kazi.

HATUA YA 3: LEBO ISAFIRI NA MANENO

Hapa ndipo vyumba vingi vya habari hukosea. Mnaiweka lebo kwenye tovuti, inapendeza, mnapongezana. Lakini mnapochagua kategoria "Maoni" ndani ya WordPress, neno hilo linaonekana kwenye ukurasa tu. Kiungo kikitumwa WhatsApp, kinachobebwa ni kichwa, maelezo mafupi na picha. Kategoria inabaki nyumbani.

Kwa hiyo lebo iingie ndani ya kichwa chenyewe, mwanzoni. "MAONI YA MWANDISHI: " inakula nafasi ya herufi 20 ukihesabu nafasi zilizo wazi. Kichwa kinachoanza kukatwa kwenye simu au kwenye matokeo ya Google baada ya herufi 60 hivi kinakubakishia 40. Ikiwa kichwa hakitoshei, fupisha hadi "MAONI: ", ambayo ni herufi 7, kwa kuwa ndani ya kichwa kinachosafiri hakuna kitufe cha kuichanganya nacho. Usiiweke lebo mwishoni mwa kichwa, maana mwisho ndio wa kwanza kukatwa. Na kichwa chenyewe kisiandikwe kama habari: "MAONI: Gavana aiba fedha za soko" bado kinasomwa kama taarifa ya wizi.

Kama mnatumia programu-jalizi ya SEO (ya kusaidia makala zipatikane kwenye Google), kagua visanduku viwili vya kichwa: kile cha tovuti na kile cha mitandao ya kijamii. Mara nyingi anayeendesha Facebook hujaza cha pili kwa maneno matamu zaidi, lebo ikaachwa. Katika msimbo wa ukurasa sehemu hiyo inaitwa og:title. Ifungue uisome kwa macho yako kabla ya kuchapisha.

Picha ya kiungo iwe pikseli 1200 kwa 630. WhatsApp wakati mwingine huikata ikawa mraba mdogo, kwa hiyo andika lebo ndani ya mraba wa katikati, pikseli 630 kwa 630, si pembeni. Herufi zisipungue urefu wa pikseli 80. Zikiwa ndogo zaidi, kwenye picha ya ukubwa wa kidole gumba zinageuka mchanga. Faili iwe chini ya kilobaiti 300, la sivyo picha huenda isitokee kabisa. Kwa makala ya maoni tumia sura ya mwandishi badala ya picha ya tukio. Picha ya moshi wa vitoza machozi Kondele chini ya neno MAONI inashinda neno. Jicho litaona habari ya ghasia.

Jambo la kiufundi linalowasumbua wengi: muhtasari wa kiungo wa WhatsApp hutengenezwa kwenye simu ya anayetuma. Ukishatumwa bila lebo, hata ukisahihisha tovuti dakika tano baadaye, ujumbe uliokwisha kwenda unabaki ulivyo. Facebook nayo huhifadhi muhtasari wa zamani, ila ina zana ya kukagua viungo inayokuruhusu kuagiza usomwe upya. Kwa hiyo tuma kiungo kwanza kwenye kundi la watu wawili wa ofisini, mtazame, ndipo kiende kwenye chaneli.

Halafu kuna wale wasiotuma kiungo. Kwa kuogopa kula bando za wenzao, wananakili maandishi yote na kuyabandika kwenye kundi, bila kichwa wala picha. Lebo pekee inayonusurika hapo ni iliyo ndani ya aya. Andika sentensi moja au mbili mwanzoni kabisa mwa maandishi, kabla ya aya ya kwanza, zisizidi maneno 30:

"Haya ni maoni ya mwandishi mwenyewe, si habari iliyoripotiwa na chumba chetu. Analima miwa Bungoma na anauzia kiwanda kinachotajwa hapa chini."

Sentensi hiyo pia ndiyo inayokaribia zaidi yale maelezo ya ndani ambayo utafiti wa Texas ulionyesha yanakumbukwa. Kama una nafasi ya kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanya hili.

Kwenye ukurasa wenyewe lebo ikae juu ya kichwa, si chini ya picha wala karibu na tarehe. Herufi zisiwe chini ya pikseli 16, na tofauti ya rangi kati ya maandishi na mandhari ifikie 4.5 kwa 1. Kijivu kwenye nyeupe kinapendeza ofisini, lakini mtu aliyesimama juani stendi ya Busia haoni kitu. Usitegemee rangi peke yake, na usiifanye lebo ya ukurasa kuwa picha, kwa sababu programu zinazowasomea wasioona husoma maandishi.

Kwa anayeshughulikia msimbo: schema.org ina aina maalumu, OpinionNewsArticle kwa maoni na AnalysisNewsArticle kwa uchambuzi. Badilisha ile NewsArticle ya kawaida inayowekwa na programu-jalizi. Msomaji haioni, ni ya mitambo ya utafutaji, na inachukua robo saa. Aina hizi zilitokana na kazi ya pamoja na Trust Project, mradi ulioanzishwa na mwanahabari Sally Lehrman, ambao mwaka 2017 ulitangaza viashiria vinane vya kumsaidia msomaji kujua anachosoma. Aina ya kazi ni kimojawapo.

HATUA YA 4: MSEME MWANDISHI NI NANI

"Mwandishi ni mchanganuzi wa masuala ya siasa" haimwambii msomaji kitu. Anachotaka kujua ni mtu huyu anafaidika wapi. Katika ukanda wa miwa, kutoka Muhoroni hadi Mumias na Nzoia, swali la kwanza kwa kila anayeandika kuhusu kukodishwa kwa viwanda vya sukari ni kama analima, anauza sukari ya nje, au ana jamaa kwenye bodi. Muulize mwandishi mgeni mambo manne kwa maandishi: anafanya kazi wapi sasa, aliwahi kulipwa au kugombea nini katika miaka mitano iliyopita, ana ardhi, hisa au kesi inayohusiana na mada, na kama kuna aliyemsaidia kuandika. La nne ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa maana makala nyingi za "mwananchi mwenye wasiwasi" huandikwa na ofisi za mawasiliano. Akikataa kujibu, usichapishe. Majibu yanayohusu mada yaingie kwenye ile sentensi ya mwanzo, mengine yahifadhiwe.

Mtu wa ndani ana tatizo lake. Katika chumba cha watu wanne, anayeripoti ndiye huyo huyo anayeandika safu. Kumkataza kabisa haiwezekani, lakini suala moja liwe na upande mmoja: aliyeandika maoni kuhusu kuhamishwa kwa wachuuzi asiripoti suala hilo hadi liishe. Abadilishane na mwenzake. Ikibidi kabisa aripoti, habari iseme wazi kwamba aliwahi kuandika maoni kuhusu jambo hilo, pamoja na kiungo.

HATUA YA 5: KURASA BINAFSI ZA WANAHABARI

"Maoni ni yangu binafsi" kwenye wasifu wa mtandao wa X ni maneno yasiyosafiri. Watu hupiga picha ya skrini ya chapisho, si ya wasifu. Ripota wa siasa akiandika usiku "Hawa watu ni wezi tu", asubuhi picha hiyo iko kwenye makundi ikiwa na jina la gazeti, kwa sababu wasifu huo huo unasema ni ripota wenu.

Mkubaliane yafuatayo na yaandikwe kwenye mkataba au barua ya kazi. Anayeripoti siasa, mahakama au kaunti hatoi maoni kuhusu mambo anayoripoti, popote. Anayetaka kuyatoa aombe kuwa mwandishi wa safu. Wengine wanaweza kutoa maoni, ila sentensi yenyewe ianze na "Nadhani" au "Kwa maoni yangu", iwe ndani ya chapisho. Kusambaza chapisho la mtu mwingine bila neno lolote kunahesabika ni kukubaliana nalo. Usibishane na hilo, ndivyo msomaji anavyoona.

HATUA YA 6: REDIO NA VIDEO

Sauti haina kichwa cha juu. Mtangazaji anayesoma habari saa moja asubuhi na kuanza kuhubiri saa moja na nusu ana sauti ile ile, na msikilizaji aliyefungua redio katikati hawezi kujua. Tenganisheni kwa mlio maalumu, kisha kwa maneno: "Habari zimeishia hapo. Kuanzia sasa hadi saa tatu ni maoni ya mtangazaji na wageni wake." Yarudiwe baada ya kila tangazo. Kukiwa na mtu mwingine wa kusoma habari, bora zaidi.

Hili si suala la adabu tu. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, ilitaja redio za lugha za kienyeji kati ya waliochangia uchochezi, na Nakuru na Kisumu ni kati ya miji iliyoumia. Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Mfumo uwe umezoeleka mapema, si wiki ya kampeni za mwisho.

Kwenye video, lebo ibaki kwenye skrini muda wote, si sekunde tatu za kwanza. Iweke juu kushoto: TikTok na wenzake hufunika sehemu ya chini kwa maandishi na upande wa kulia kwa vitufe. Kila kipande kinachokatwa kwenye kipindi kirefu kipewe lebo yake upya, maana kipande ndicho kinachosambaa.

HATUA YA 7: SHERIA, KWA KIFUPI

Lebo si ngao. Kuandika "Kwa maoni yangu, fulani aliiba" ni kudai jambo la ukweli, na utaulizwa uthibitisho kama vile hukuandika "kwa maoni yangu". Sheria ya Kashfa, Sura ya 36, inatambua utetezi wa maoni ya haki, na kifungu cha 15 kinakubali kwamba utetezi huo hauanguki kwa sababu tu si kila dai la ukweli limethibitishwa, ili mradi maoni ni ya haki kwa kuzingatia yale yaliyothibitishwa. Lakini bila ukweli wowote chini yake, hakuna maoni ya kutetea. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kusahihishwa au kufutiwa taarifa za uongo au za kupotosha zinazomwathiri. Hiyo inahusu pia ukweli uliokosewa ndani ya makala ya maoni. "Ni maoni tu" si jibu kwa mtu ambaye umri wake, cheo chake au kiasi cha zabuni yake umekikosea.

HATUA YA 8: JARIBUNI KWA WATU WASIO WENU

Msiulizane ofisini. Chukueni simu ya bei ya chini yenye skrini iliyopasuka kidogo, kama zilivyo simu nyingi, mfungue muhtasari wa kiungo kwenye WhatsApp. Mwonyeshe mtu kwa sekunde kumi, uiondoe, kisha uliza: "Umeona nini? Ni habari au ni maoni ya mtu? Ni ya nani?" Usimtajie neno "lebo". Fanyeni hivyo kwa watu kumi: wawili wa bodaboda, wawili sokoni, mwalimu, mhudumu wa duka la dawa, wazee wawili, wanafunzi wawili wa chuo. Wakikosea zaidi ya wawili, rekebisheni kitu kimoja tu, ama neno, ama ukubwa, ama mahali, mrudie kwa watu kumi wengine. Mkibadilisha vitatu kwa mpigo hamtajua kilichosaidia.

Wekeni pia daftari la malalamiko. Kila simu, ujumbe au chapisho la kulalamika liandikwe tarehe, makala, na maneno yenyewe ya mlalamikaji. Miezi mitatu kabla ya lebo na miezi mitatu baada yake, hesabuni yale ya aina ya "mmelipwa" dhidi ya yale ya "mwandishi huyu amekosea". Jumla ya malalamiko huenda isipungue. Kinachotafutwa ni yahame kutoka aina ya kwanza kwenda ya pili, kwa maana anayebishana na hoja ya mwandishi amekubali kwamba kuna hoja.

Makala ikichapishwa bila lebo kwa bahati mbaya, iongezeni na mseme mmeiongeza: "Lebo ya maoni imewekwa Juni 4, saa nane mchana, makala ilichapishwa bila hiyo." Kuibandika kimyakimya baada ya watu kulalamika ni kubaya kuliko kuikosa, kwa sababu kuna mtu ana picha ya skrini ya kwanza.

Mwisho, kabati la makala za zamani. Hakuna anayeweza kupitia miaka sita ya machapisho. Fungueni takwimu za tovuti, mchukue makala 50 zinazosomwa zaidi ambazo zina zaidi ya mwaka mmoja, mzichuje kwa kipimo cha hatua ya 2. Zile za maoni zipewe lebo kwenye kichwa, kwenye picha na kwenye sentensi ya kwanza, pamoja na mwaka zilipoandikwa: maoni ya 2022 kuhusu wagombea yakiibuka tena 2027 bila mwaka yatasambazwa kana kwamba yameandikwa jana. Anwani ya ukurasa isibadilishwe, hata kama mngependa iwe na neno maoni, la sivyo viungo vyote vilivyoko kwenye makundi vitakufa.